Tafakari ya Juma: Aliyepiga Simu Naye Yumo Barabarani



Ndugu wapendwa, katika mazishi ya mtu aliyefia barabarani husikika maneno mawili. La kwanza husemwa na majirani: ajali haina kinga. La pili husemwa na wale wanaotaka kufariji: kazi ya Mungu haina makosa. Si nia yangu kumnyang'anya mfiwa faraja yake. Lakini juma hili napenda tujiulize kama hatuyatumii maneno hayo kufunika jambo ambalo halikuwa kazi ya Mungu hata kidogo. Dereva anayesoma ujumbe mfupi katika simu yake, kisha akamgonga mtoto atokaye shule, hakupatwa na jambo lisilo na kinga. Kinga ilikuwapo, tena rahisi. Angeiacha simu.

Neno lenyewe "ajali" latusaidia kujidanganya. Wajuzi wa lugha hutueleza kwamba tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliopangwa, siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Kwa hiyo kila tunapolitamka tunakuwa tumemtetea mkosaji kabla kesi haijasikilizwa: ilikwisha pangwa, nani angeizuia? Mkristo hawezi kuridhika na jibu hilo. Mungu ametupa akili, macho na hiari, na kwa matumizi ya vitu hivyo vitatu tutatoa hesabu.

Sisi wa Kabanga tuna sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili, kwa maana barabara yetu si yetu peke yetu. Malori yapakiayo shehena bandarini Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,300. Hupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, kisha Lusahunga na Nyakahura wilayani Biharamulo, hata yaingie Ngara. Penye njia panda ya Nyakasanza mengine hushika njia ya Rusumo kwenda Rwanda, na mengine huja kwetu ili kuvuka Kobero na kuingia Burundi. Dereva afikapo katika milima na kona zetu huwa amekwisha kukaa njiani siku kadhaa, naye amechoka. Na juu ya lami hiyohiyo wapo kina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani, vijana wanaosukuma baiskeli zilizosheheni madumu, watoto wa shule, mbuzi, na bodaboda aliyepakia abiria wawili. Mahali pengi waenda kwa miguu hawakutengewa njia. Ukingo wa lami ndio njia yao.

Liko na jambo jingine ambalo watu wa bara hawalijui vizuri kama sisi wa mpakani. Kwetu Tanzania magari hupita kushoto, lakini Burundi na Rwanda hupita kulia. Dereva anayevuka mpaka analazimika katika dakika chache kuyageuza mazoea ya mwili wake wote: jicho litazame upande mwingine, mkono uwe tayari kwa hatari itokeayo upande mwingine. Hiyo ni saa ambayo angehitaji akili yake nzima. Lakini ndiyo saa ambayo simu yake hulia kuliko wakati wowote wa safari. Tajiri anauliza kama mzigo umefika. Wakala wa forodha anauliza namba za nyaraka. Mwenye mzigo wa ng'ambo anauliza atapokea lini. Simu yenyewe nayo inahama kutoka mtandao wa nchi moja kwenda wa nchi nyingine na kumletea jumbe za kumkaribisha, naye anainama kuzisoma.

Walio watu wazima wanaikumbuka miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati magari yalipopita katika misitu ya Biharamulo kwa msafara, yakisindikizwa na askari wenye silaha kwa hofu ya majambazi. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba kuvamiwa hakuna kinga. Serikali iliweka askari, wasafiri walisubiriana, watu walikubali kuchelewa saa nyingi ili wafike hai. Leo kuichelewesha simu kwa dakika tano kunatushinda.

Tutazame kwanza simu inafanya nini kwa mtu aliyeshika usukani. Inamwibia vitu vitatu: macho, kwa kuwa anatazama kioo kidogo badala ya kioo kikubwa, mkono, kwa kuwa mmoja umeshika simu, na akili, kwa kuwa anamfikiria mtu anayezungumza naye. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Hapa kinachoponyoka ni usukani.

Tufanye hesabu ndogo ambayo mtoto wa darasa la sita anaweza kuikagua. Basi au lori, ambalo kwa sheria yetu halitakiwi kuzidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa, likienda mwendo huohuo hupita karibu mita 22 kila sekunde. Kuusoma ujumbe mfupi na kuanza kuujibu ni kazi ya sekunde tano. Katika sekunde hizo gari limekwenda mita 110, yaani urefu wa uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli, na dereva hakuona chochote kilichokuwa uwanjani. Hata akiwa kijijini, akiheshimu mwendo wa kilomita 50 kwa saa, atakuwa amekwenda karibu mita 70 kama kipofu.

Hilo si wazo la padri tu. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Toronto, nchini Kanada, walichapisha uchunguzi wao juu ya madereva karibu 700 waliopata ajali wakiwa na simu. Waliona kwamba dereva anapozungumza kwa simu hatari ya kugongana huongezeka takribani mara nne. Tena waliona jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: waliotumia simu bila kuishika mkononi hawakuwa salama kuliko walioishika. Mwaka 2009 chuo cha Virginia Tech nchini Marekani kilitoa matokeo ya uchunguzi wa madereva wa malori waliorekodiwa kwa kamera. Dereva wa lori aliyekuwa akiandika ujumbe alikuwa na hatari mara 23 kuliko yule aliyetazama njia. Shirika la Afya Duniani nalo lasema kwamba barabara huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na kwamba kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kifo kinachoongoza kuliko hicho. Wafu tisa kati ya kumi ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu.

Je, sheria yasemaje? Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na imekuwa ikirekebishwa tangu hapo. Ilipotungwa, simu ilikuwa kitu cha ofisini chenye waya. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini ilianza kazi mwaka 1994, miaka zaidi ya ishirini baadaye. Hivyo wale waliokaa kuiandika sheria hiyo hawangeweza hata kuiwazia hatari tunayoizungumzia. Waliweka hata hivyo msingi ulio imara: dereva lazima aendeshe kwa uangalifu na kwa kuwajali watumiaji wengine wa barabara. Juu ya msingi huo askari wetu husimama wanapomwonya na kumtoza faini dereva mwenye simu sikioni.

Mataifa mengine yaliona kwamba msingi hautoshi bila kuta. Jimbo la New York nchini Marekani lilikuwa la kwanza nchini mwao kumkataza dereva kuzungumza kwa simu iliyo mkononi, mwaka 2001. Jimbo la Washington likawa la kwanza kukataza kuandika ujumbe wakati wa kuendesha, mwaka 2007, na leo karibu majimbo yote yamefuata. Uingereza iliweka marufuku yake tarehe 1 Desemba 2003, na mwaka 2022 ikaikaza, hata kupiga picha au kuchagua wimbo kwa simu iliyo mkononi kukawa kosa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani uliongezewa kifungu mwaka 2006 kinachotaka sheria za nchi zikataze simu ya mkononi chombo kikiwa katika mwendo. Hapa jirani, Kenya ilitoa mwaka 2016 kanuni za makosa madogo ya barabarani, ambamo dereva anayetumia simu gari likitembea hulipa shilingi 2,000 za Kenya.

Mimi naona hiyo ndiyo njia ifaayo. Tunahitaji sheria ambayo kijana wa kijiweni anaielewa bila wakili: simu ikiwa mkononi na chombo kikitembea, ni kosa, hata kama hujamgonga mtu. Sheria inayongoja mpaka damu imwagike ndipo iulize kama dereva alikuwa mwangalifu, imekuja kuzika, haikuja kuokoa. Na iwaguse wote kwa usawa: dereva wa lori, wa basi, wa gari la serikali, wa gari la shirika, bodaboda, na padri aendaye vigangoni.

Lakini sheria hata ikiandikwa vizuri namna gani humwona mtu mmoja tu, yule aliyekamatwa na simu. Na simu haina mtu mmoja. Ina aliyepiga na aliyepokea. Hapo ndipo napenda tukae kidogo.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imo sheria ambayo wafugaji wa Ngara na Biharamulo wataielewa upesi. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe huuawa, lakini mwenyewe hana hatia. Hiyo ni bahati mbaya. Ila kama ng'ombe huyo alikuwa na mazoea ya kupiga watu pembe, na mwenyewe alikwisha kuonywa, naye hakumfungia, hapo mwenye ng'ombe anahesabiwa hatia ya damu. Tazameni hekima ya sheria hiyo ya kale. Haiulizi tu nani aliyetoboa tumbo la marehemu. Yauliza nani alijua, nani alionywa, na nani aliacha zizi wazi.

Simu barabarani ni ng'ombe mwenye mazoea. Tumeonywa. Kila mwaka katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani tunaonywa. Radio zinatuonya, askari wanatuonya, na makaburi yanatuonya. Hakuna mtu mzima leo awezaye kusimama na kusema kwamba hakujua. Kwa hiyo kila mmoja anayeliacha zizi wazi ana sehemu yake, naye aliyepiga simu ni mmoja wao.

Mwaka 2013 mahakama ya rufani ya jimbo la New Jersey nchini Marekani iliamua shauri lililotokana na mgongano wa mwaka 2009. Kijana mmoja aliyekuwa akiendesha gari alijibu ujumbe wa simu, akawagonga mume na mke waliokuwa juu ya pikipiki, na wote wawili wakapoteza mguu mmoja mmoja. Majeruhi walimshtaki pia yule aliyemtumia kijana ujumbe. Mahakama haikumtia hatiani, kwa sababu haikuthibitika kwamba alijua mwenzake yuko kwenye usukani na atausoma pale pale. Ila ilitamka kanuni: anayetuma ujumbe huku akijua, au akiwa na sababu ya pekee ya kujua, kwamba mpokeaji anaendesha na atausoma akiendesha, anaweza kuwajibika kwa madhara yatakayotokea. Mahakimu wale hawakuwa wakihubiri. Walifika kwa njia yao mahali ambapo kitabu cha Kutoka kilifika zamani.

Basi turudi nyumbani na tuseme wazi. Yupo mwenye malori ambaye ni Mkatoliki mwema, anayetoa zaka na kuchangia ujenzi wa kigango. Saa nane za usiku anampigia dereva wake: "Umefika wapi?" Baada ya nusu saa anapiga tena. Dereva asipopokea anaambiwa kesho yake kwamba kazi imemshinda. Ndugu yangu, huyo dereva akianguka kwenye mteremko simu yako ikiwa mkononi mwake, utakwenda msibani na ubani mkubwa, utasema kazi ya Mungu haina makosa. Kweli, kazi ya Mungu haina makosa. Je, kazi yako?

Na haja yenyewe ya kuuliza haipo tena. Mabasi ya abiria yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo na mahali yalipo, vinavyosimamiwa na LATRA. Mizigo ipitayo kwenda nchi jirani hufuatiliwa kwa vifaa vya elektroniki vya Mamlaka ya Mapato. Wamiliki wengi wanaweza kuona gari lilipo bila kumwuliza mtu. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku kucha, jambo lililoleta nafuu kwa wengi. Lakini usiku ndio wakati ambao mwanga wa simu usoni mwa dereva humwachia macho yasiyoona giza la mbele.

Sehemu hii haiwahusu matajiri peke yao. Mke anayetaka kujua mume yuko wapi, na asiyeamini jibu mpaka asikie sauti papo hapo, yumo. Mteja anayempigia bodaboda mara tatu katika dakika mbili kwa kuwa amechelewa sokoni, yumo. Rafiki anayetuma kichekesho na kusubiri jibu, yumo. Kwa kila mmoja wao sheria ya nchi haina la kusema. Dhamiri inalo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2290, inawahesabia hatia nzito wanaohatarisha usalama wao na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi. Ilitolewa mwaka 1992, simu hazijawa viganjani mwa watu, lakini hoja yake haijazeeka: kosa lipo katika kuhatarisha, hata kabla mtu hajaumia. Mwaka 2007 idara ya Vatikani inayoshughulikia wahamaji na wasafiri ilitoa mwongozo wa kichungaji kuhusu barabara, wenye amri kumi kwa ajili ya madereva. Ya kwanza ni ileile ya Sinai, inayokataza kuua. Wapo waliocheka wakati huo, wakiona Kanisa limejiingiza katika mambo ya matrafiki. Aliyekwisha kusimamia mazishi ya watu wa umri wa miaka ishirini hacheki.

Najua yapo mapingamizi, na ni haki kuyasikiliza.

Wapo wasemao: faini hizi ni mradi wa kukusanya fedha, na askari wengine huzigeuza kuwa mradi wao binafsi. Malalamiko hayo hayakuzuka bure, na rushwa ya barabarani ni dhambi ya askari aipokeaye. Lakini na mtoaji ajitazame. Dereva anayetoa noti ili aachiwe aendelee na simu yake hajajiokoa na dhuluma. Amenunua kibali cha kumhatarisha mtoto wa jirani kwa bei ndogo kuliko faini. Dawa ya askari mlarushwa ni kumripoti na kudai stakabadhi. Kuiondoa sheria si dawa.

Wapo vijana wa bodaboda wasemao: padri, simu ndiyo kazi yetu, asipopokea mmoja mteja humwita mwingine. Hapo naona uzito wa jambo. Kijana huyu ana mkopo wa pikipiki, ana hesabu ya jioni ya kumpelekea mwenye chombo. Serikali ililiona hilo ilipopunguza, katika bajeti ya 2021/22, faini ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja. Lakini kupungua kwa faini hakukupunguza ugumu wa lami. Mnajua wenyewe desturi ya kuichomeka simu ndani ya kofia ngumu, kati ya shavu na sikio, na kuendelea na safari. Kofia iliyowekwa kulinda kichwa imegeuzwa kuwa kishikio cha simu. Na abiria aliye nyuma, ambaye huenda ni mama mjamzito anayekwenda kliniki, hakuulizwa kama amekubali. Vijana wa kijiwe kimoja wakikubaliana kwamba hakuna anayepokea akiwa katika mwendo, hakuna atakayempokonya mwenzake mteja kwa sababu hiyo. Mmoja peke yake atapata hasara. Wote kwa pamoja hawatapata.

Wapo pia wasemao: mbona yapo makubwa kuliko simu? Breki mbovu, pombe, mwendo wa kasi, usingizi, barabara zilizochakaa. Ni kweli, na kila moja lastahili tafakari yake. Lakini breki huhitaji fundi na fedha, na barabara huhitaji serikali na miaka. Simu huhitaji kidole kimoja. Tusipoweza lile lisilo na gharama, nani atatuamini tunapodai yale yenye gharama?

Na yupo atakayeuliza: itakuwaje ikiwa ni habari ya mgonjwa? Habari ya mgonjwa ni haki kuipokea. Washa taa za pembeni, tafuta mahali palipo wazi, simama, pokea. Mgonjwa wako anamhitaji dereva aliye hai. Nao walio hospitalini hawatafaidika na mgonjwa wa pili.

Basi, ndugu wapendwa, tufanye nini? Napendekeza mambo machache, nanyi katika Jumuiya Ndogondogo za Kikristo myaongeze.

Wamiliki wa vyombo waweke amri iliyoandikwa kwamba dereva wao haruhusiwi kupokea simu akiendesha, hata ikiwa ya tajiri mwenyewe. Na waitimize kwa kutompigia, isipokuwa katika saa walizokubaliana kwamba atakuwa amesimama kupumzika. Amri isiyomfunga aliyeitoa haitawafunga wengine.

Familia zetu zijifunze swali moja la mwanzo: "Unaendesha?" Jibu likiwa ndiyo, tukate simu bila kununa, bila kumaliza kwanza habari tuliyokuwa nayo. Na asipopokea tusimtuhumu. Mke na mume wakilikubali hili wataponya zaidi ya barabara.

Abiria tusiwe bubu. Watu kumi na wanane ndani ya Hiace hunyamaza wakimtazama dereva akibofya simu kwenye kona, kila mmoja akingoja mwenzake aseme. Akisema mmoja kwa heshima, "Mheshimiwa dereva, tunaomba uweke simu kwanza," wengine watamuunga mkono. Kama ipo haja ya kweli, utingo au abiria wa mbele aishike simu na kujibu kwa niaba yake. Kunyamaza penye hatari ya wengi si upole.

Wazazi mwenye gari, kumbukeni kwamba mtoto aliyekaa kiti cha nyuma anajifunza udereva tangu leo. Miaka kumi ijayo ataendesha kama alivyoona.

Wenye mamlaka tunawaomba sheria iwe wazi, isimamiwe bila upendeleo, na elimu yake ifike vijijini kwa lugha ya watu. Mpakani, kwenye kituo cha pamoja cha Kabanga na Kobero, dereva anayehama upande wa barabara akumbushwe mambo mawili kwa pamoja: shika upande wako, na weka simu yako.

Sisi nasi, tunapoleta magari na pikipiki zetu kubarikiwa, tusidhani kwamba maji ya baraka yatafanya kazi tuliyoikataa kwa mikono yetu. Mtakatifu Kristofa huwaombea wasafiri, wala hamshikii dereva usukani wakati mikono yake imeshika simu.

Leo kabla ya kumpigia mtu yeyote aliye safarini, tujiulize kama habari tuliyo nayo haiwezi kungoja afike. Mara nyingi itaweza. Na tuwaombee marehemu wote waliofia katika barabara kati ya Biharamulo na mipaka yetu, na waliobaki na vilema, na pia wale wanaobeba mioyoni mwao simu waliyoipiga siku ile, wakilia peke yao bila kumwambia mtu. Hao nao ni wagonjwa wanaohitaji huruma ya Mungu, na mlango wa kitubio uko wazi kwao.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye amani. Safiri salama, na umwache mwenzako asafiri salama.

Tumsifu Yesu Kristo.